Nani wa kumpa wimbo wako? Majibu kwa watunzi wanaojitegemea

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa waimbaji wanaotunga wenyewe, wasio na lebo wala meneja. Wengi wanauliza jambo moja kwa sura tofauti: nifanye kazi na nani, na kwa masharti gani? Tumechagua sita.

*Habari za kazi wahariri. Nina miaka 23, natunga na napiga gitaa. Kwenye simu nina nyimbo kama thelathini, nyingi hazijafika mwisho. Marafiki wananiambia nitafute prodyuza mwenye jina ili nitoke haraka. Nianzie wapi? – Mpiga gitaa, Mwanza*

Dada, anza na nyimbo, watu watafuata. Prodyuza mwenye shughuli nyingi akipelekewa vipande thelathini, ama atakurudisha ukamalizie, ama atakuwekea biti iliyokuwa tayari kwenye kompyuta yake. Ukipewa hiyo ya pili utalipa studio na utatoka na wimbo unaofanana na wa mteja aliyekutangulia.

Zipange nyimbo zako mafungu matatu: zilizokamilika, zenye kiitikio tu, na zilizo wazo tupu. Chagua tatu zilizo karibu na kuisha, uzimalize, kisha uzirekodi upya kwa simu, gitaa na sauti basi, mwanzo hadi mwisho bila kukata. Simu ikae kama mita moja mbele yako, usawa wa kifua au juu kidogo. Ukiiweka mezani karibu na tundu la gitaa, maneno yatamezwa, na maneno ndiyo mtu anayotaka kuyasikia kwanza.

Kabla ya kurekodi, hakikisha uko kwenye ufunguo wako, yaani usawa wa sauti unaolifaa koo lako. Imba noti ya juu kabisa ya kiitikio mara tano mfululizo. Kama mara ya tatu shingo inakaza, shusha wimbo nusu-toni mbili ujaribu tena. Waimbaji wengi wanaotunga kwa gitaa wanaimba G au C kwa sababu tu vidole vimezoea hapo, na koo linaumia. Kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, inakupandisha bila kubadili maumbo ya kodi (noti zinazopigwa pamoja); kushuka kunataka ujanja kidogo. Wimbo wa G ukitaka uwe F, piga maumbo ya D huku kapo ikiwa freti ya tatu.

Baada ya hapo sikiliza kila demo, yaani hizo rekodi za simu, na uandike kitu kimoja ambacho wimbo unakikosa na wewe mwenyewe hukiwezi. Mtu unayemtafuta ni yule anayekiweza hicho, awe na jina au asiwe nalo. Kiitikio kikisikika sawasawa na ubeti, unahitaji mtunzi mwenza wa melodi, na hakuna biti itakayotibu hilo. Wimbo wa taratibu wenye maneno mengi unataka mpiga besi anayejua kunyamaza. Kama kiitikio ni chembamba, nenda kwa mwalimu wa kwaya. Walimu wengi wa kwaya Tanzania wanaandika kwa sol-fa (do, re, mi), na sauti ya pili na ya tatu za kiitikio cha mistari minne ni kazi ya jioni moja kwa mtu wa namna hiyo. Tunawasisitizia sana watu hawa kwa sababu watunzi wa Bongo Fleva wanawapita kila Jumapili bila kuwaona.

Mwanza huna haja ya kuhama ili uwapate. Mpiga kinanda wa kanisani na mpiga besi wa bendi ya hotelini wamezoea kumfuata mwimbaji yeyote anayepanda jukwaani, na huo ni ufundi adimu. Ukipata safari, chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, na Dhow Countries Music Academy ya Mji Mkongwe, Unguja, ni mahali ambapo wapigaji vijana wanafundishwa na wanatafuta nyimbo za kupiga. Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space, ambako wasanii wa aina mbalimbali hukutana.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na uombe kazi ndogo yenye mwisho: “Kaka habari. Nilikusikia ukipiga Jumamosi, besi yako ilinivutia kwenye nyimbo za taratibu. Nina wimbo wa dakika tatu na nusu, mapigo 84 kwa dakika (BPM 84), ufunguo wa D, demo hii hapa. Naomba besi ya kiitikio tu. Niambie malipo yako, na tukiendelea na wimbo mzima tutaandikiana. Kama huna nafasi hakuna neno.” Ukimwandikia mtu “naomba tufanye kolabo” bila demo, bila ufunguo na bila kusema unataka nini hasa, umempa kazi ya kukuhoji, na wengi hawana muda huo.

Kisha tazama marekebisho yanakwendaje. Ulipomwambia besi imejaa mno kwenye ubeti, alipunguza au alijitetea? Alirudisha siku aliyosema? Aliuliza wimbo unahusu nini? Wimbo mmoja wa namna hiyo unatosha kukuonyesha kama mtaweza kufanya kumi.

*Salamu alaikum. Nimetunga wimbo, maneno na melodi ni vyangu. Prodyuza alitengeneza mdundo, studio nikalipa mimi. Sasa wimbo uko mtandaoni kwenye akaunti yake na mimi nimewekwa kama mwimbaji mgeni. Hatukuandikiana kitu. Je, wimbo ni wake? – Mwenye wimbo, Mombasa*

Alaikum salaam. La, si wake peke yake. Pia si wako peke yako, na ni vizuri ulijue hilo kabla ya kumpigia simu.

Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili kuu. Ya kwanza ni ya utunzi: maneno, melodi na muziki. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku ile. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, utunzi wako unalindwa tangu ulipouweka kwenye umbo la kudumu, hata kama ni sauti kwenye simu. Usajili wa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, si sharti la kuwa na haki, unakupa ushahidi. Na hakimiliki haihamishwi kwa mdomo: kuihamisha kunataka maandishi yenye sahihi ya anayehamisha. Kama hukutia sahihi popote, maneno na melodi bado ni vyako.

Kwa upande wa rekodi, sheria inamtazama yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Hapo ndipo ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya studio unapokuwa na thamani kubwa, usiufute. Lakini muziki wa ule mdundo aliutunga yeye, kwa hiyo ana fungu lake kwenye utunzi.

Kusanya demo zako za zamani zikiwa na tarehe zake, risiti na mazungumzo ya WhatsApp. Mwandikie kwa utulivu, umpe siku 14 na mambo mawili ya kuchagua: wimbo uhamie kwenye akaunti yako naye atajwe kama prodyuza na mtunzi mwenza, au ubaki hapo ulipo, wewe uandikwe msanii mkuu na mapato yagawanywe kwa maandishi. Akikataa, YouTube na wasambazaji wa muziki wana fomu za malalamiko ya hakimiliki, na KECOBO wapo. Kwenye fomu dai kilicho chako tu. Ukidai na mdundo, atapinga kwa ushahidi wa mradi wake wa kompyuta, na dai lako zima litadhoofika. Kumbuka pia kwamba wimbo ukiondolewa, hesabu ya waliousikiliza inaweza kupotea nao. Mapatano, yakipatikana, mara nyingi yana faida zaidi.

Safari nyingine, karatasi ya mgawanyo itiwe sahihi siku ileile ya kurekodi, kabla hamjatoka studio, maana siku hiyo kila mtu bado anakumbuka nani alileta nini na wimbo haujawa na pesa ya kugombaniwa. Ukurasa mmoja unatosha. Andikeni jina la wimbo, tarehe, majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho pamoja na majina ya kisanii, na mchango wa kila mmoja. Wekeni asilimia za utunzi zikifika 100, halafu kando yake asilimia za rekodi, nazo zifike 100 peke yake. Kosa tunaloliona sana ni kuandika “50 kwa 50” bila kusema ni hamsini ya kipi. Semeni pia nani atapakia, nani alilipa studio na kama atarudishiwa kwanza, kama biti ni ya wimbo huu tu au inaweza kuuzwa tena, na nani anaruhusu wimbo utumike kwenye tangazo au filamu.

Kuhusu viwango, mwanzo wa haki ukiwa umeandika maneno na melodi zote naye katunga muziki wote ni nusu kwa nusu ya utunzi. Mpiga gitaa aliyebuni ule mlio wa mwanzo ambao watu wanautambulia wimbo anastahili kitu, tuseme 10, nanyi mbaki na 45 kila mmoja. Aliyepiga kodi ulizomwandikia mlipe siku yake vizuri, na jina lake litajwe. Kama prodyuza alikupunguzia bei kwa makusudi ili apate sehemu ya rekodi, hilo ni jambo jema, liandikeni.

Sajili KECOBO, na uwaulize ni chama kipi cha kukusanya mirabaha chenye leseni kwa sasa, kwani leseni hizo hutolewa kwa muda. Kwa usajili, wasomaji wa Tanzania Bara wanaenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya huko, na wa Zanzibar COSOZA.

*Assalaam alaykum. Niko Muscat, mtayarishaji wangu yuko Dar es Salaam. Narekodi sauti chumbani namtumia kwa WhatsApp. Ananiambia ina mwangwi, haikai kwenye mdundo, na haiwezi kumiksiwa. Maikrofoni yangu ni nzuri. Tatizo nini? – Mwimbaji wa mbali, Muscat*

Waalaykum salaam ndugu. Hayo ni matatizo matatu, na maikrofoni pengine haihusiki na hata moja.

La mdundo tunakisia linatokana na spika za masikioni za Bluetooth. Sauti inachelewa kidogo kufika masikioni, wewe unaifuata kwa uaminifu, na kompyuta inakurekodi ukiwa nyuma ya biti wimbo mzima. Tumia za waya. Sababu nyingine ni biti ya MP3. Faili la MP3 huongezewa ukimya mdogo sana mwanzoni, kwa hiyo ukiimbia juu ya MP3 naye akapachika kwenye mradi wenye WAV (faili la sauti lisilobanwa), hamtakutana. Mwombe biti ya WAV, akutajie BPM na kiwango cha mradi wake, kama ni 44.1 au 48 kHz, nawe urekodi kiwango hichohicho, faili liwe la 24-bit. Viwango vikitofautiana na programu isivibadilishe, sauti hubadilika kasi na uzito.

Mwangwi ni chumba. Sakafu ya vigae na kuta tupu vinarudisha sauti, na wengi hubandika sponji nyuma ya maikrofoni wakidhani wamemaliza. Maikrofoni ya kuimbia inasikia zaidi upande wa mbele: inakusikia wewe na ukuta ulio nyuma yako. Kwa hiyo fungua kabati la nguo, lipe mgongo, maikrofoni ikutazame wewe na nguo zilizotundikwa. Ongeza mablanketi mawili mazito kushoto na kulia, na zulia chini. Kiyoyozi kizime wakati wa kurekodi hata kama ni Julai. Rekodi usiku, ubeti mmoja mmoja, ukiwasha katikati. Mvumo wa kiyoyozi ukiingia kwenye sauti, kuuondoa kunakwangua na sauti yenyewe.

Simama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, chujio la pumzi liwe katikati, na mdomo uelekee kando kidogo ya maikrofoni ili P na B zisipige. Pandisha geini (nguvu ya sauti inayoingia) mpaka sehemu yako ya nguvu zaidi, ukiimba kweli na si kwa kujaribu, ifike kati ya -12 na -6 dB. Ikigusa sifuri imekwaruza, na hakuna mtu wa Dar atakayeirudisha.

Usitie mwangwi wala autotune (programu ya kunyoosha noti) kwenye unachotuma. Toa kila sauti faili lake: sauti kuu, kiitikio kilichorudiwa cha kushoto na cha kulia, sauti za pili, vionjo. Kila faili lianze sekunde ya sifuri ya wimbo hata kama sauti inaingia dakika ya pili. Akiyapanga yote mwanzoni yatakaa yenyewe. Yape majina yanayojieleza, kwa mfano SautiKuu_84BPM_D.wav, na uambatanishe maneno ya wimbo yaliyoandikwa. Tuma kwa Google Drive, au kwa WhatsApp ukichagua kutuma kama hati, maana ujumbe wa sauti wa kawaida unabanwa na kupoteza ubora.

Akirudisha kazi, sikiliza mara tatu kwa vifaa tofauti, kusanya maoni yote, umtumie kwa mkupuo na muda wake: “1:12 kinanda kinafunika neno la mwisho, shusha.” Maoni ya aina ya “haina ladha” yanamfanya abahatishe, na kila kubahatisha ni siku mbili za kusubiriana.

*Msanii mwenye jina amekubali kuimba ubeti kwenye wimbo wangu, ila bei yake ni akiba yangu yote. Nilipe? – Anayetafuta njia, Arusha*

Usilipe bado. Mwulize kwanza kama ataonekana kwenye video, kama atautangaza kwenye kurasa zake na mara ngapi, na kama jina lake litaandikwa kwenye wimbo ili uonekane kwenye ukurasa wake wa Boomplay na Spotify. Bila hayo umenunua sauti tu, na mashabiki wake hawatajua upo. Akikubali, yaandikwe, ulipe nusu mwanzo na nusu ukipokea WAV.

Lakini akiba yote, ndugu? Tungekushauri uigawe mara tatu: wimbo mmoja na msanii wa ngazi yako aliye Mbeya, mwingine na wa Nairobi, na kiasi kibaki cha video. Watu wa ngazi moja wanatangaza kwa bidii sawa kwa kuwa wote wanauhitaji wimbo huo.

*Nimepakia nyimbo nne mtandaoni. Wimbo mmoja umetokea kwenye ukurasa wa mtu mwingine mwenye jina kama langu, na malipo sioni. – Msanii chipukizi, Dodoma*

Jina likifanana, msambazaji, yaani kampuni inayofikisha nyimbo zako mtandaoni, anahitaji kuelekezwa kwenye ukurasa wako halisi unapopakia. Usipomwelekeza, mfumo unakisia. Mwandikie arekebishe, umpe kiungo cha ukurasa wako. Andika jina lako kwa herufi zilezile kila mara, na wa kolabo vivyo hivyo.

Malipo: tangu 2024, Spotify hailipi rekodi isiyofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. YouTube, ili upate mgao wa matangazo kwenye chaneli yako, inataka wafuatiliaji 1,000, pamoja na ama saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ama video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwa nyimbo nne changa, pengine hapo hujafika, na si kwamba umeibiwa.

Wimbo ujao upakie wiki tatu au nne kabla ya siku ya kutoka. Kwenye Spotify for Artists, sehemu ya Spotify ya wasanii, uuwasilishe angalau siku 7 kabla, ili wafuasi wako waupate kwenye orodha yao ya nyimbo mpya. Tunza namba ya ISRC, utambulisho wa rekodi ya kila wimbo, ile yenye herufi na tarakimu 12; ukihama msambazaji tumia ileile, la sivyo hesabu inaweza kuanza upya. Soma masharti pia: wapo wasambazaji wanaoshusha nyimbo ukiacha kulipa ada ya mwaka. Chagua mwenye huduma ya kugawa mapato moja kwa moja, ili mwenzako asilazimike kukuuliza kila mwezi.

*Nimepewa dakika 30 jukwaani kwa mara ya kwanza, na bendi ya kukodi ya watu wanne. Nijiandae vipi? – Mtunzi, Tanga*

Nyimbo sita. Ukipanga nane utakimbiza mbili za mwisho, na kuunganisha vyombo kutakula dakika zako.

Siku saba kabla ya zoezi la kwanza, watumie wapigaji demo na ukurasa mmoja kwa kila wimbo: ufunguo, BPM, mpangilio (utangulizi vipimo (bar) 4, ubeti vipimo 16, kiitikio vipimo 8, na kuendelea), kodi za kila sehemu, na wimbo unavyoisha. Miisho ndiyo inayoharibika zaidi jukwaani. Amua nani anatoa ishara na ishara ni ipi. Kama ulirekodi wimbo ukiwa umetulia studio, angalia tena ufunguo, kwani jukwaani umesimama, una joto na unaimba sita mfululizo.

Mazoezi matatu yanatosha wakija wamesikiliza. La kwanza pitieni mianzo, miisho na mapito tu. La pili nyimbo nzima. La tatu pigeni zote sita kwa mpangilio wa onyesho bila kusimama, mkipima muda, pamoja na maneno utakayosema katikati. Rekodi zoezi hilo kwa simu. Ikitokea siku moja unawania tamasha kama Sauti za Busara, ambalo linataka muziki upigwe moja kwa moja na halikubali kuimbia juu ya rekodi, kipande kizuri cha onyesho lako kitahitajika, kwa hiyo mpe mtu kazi ya kupiga video ya wimbo mmoja mzima, kamera ikiwa imetulia.

Wapigaji walipwe usiku huohuo, kabla hawajafunga vyombo vyao, kila mtu mkononi au kwenye simu yake mwenyewe na si kupitia kiongozi wa bendi, isipokuwa mlikubaliana hivyo mapema.